Sindano ya Pili

Nilikuwa na miaka thelathini na nane na mimba ya miezi sita na nusu siku daktari aliponionyesha kwenye skrini vifuko viwili vyeusi ndani ya tumbo la mwanangu.

"Hiki cha kwanza ni tumbo la chakula," alisema, akikigusa kwa ncha ya kalamu. "Hiki cha pili hakikutakiwa kuonekana hivi. Utumbo umeziba hapa. Maji anayomeza mtoto hayapiti, ndiyo maana wewe umejaa namna hii."

Kweli nilikuwa nimejaa. Nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya Nshambya, na watoto walikuwa wameshaniuliza kama nina mapacha. Kuinama kuokota chaki kulinishinda. Kulala chali kulinibana pumzi. Lakini hii ilikuwa mimba yangu ya tatu, na mbili za kwanza zilitoka kabla hazijafika miezi minne, kwa hiyo kila usumbufu wa hii niliupokea kama dalili njema. Nilijiambia kwamba tumbo kubwa ni mtoto mkubwa.

Daktari alikuwa kijana, bingwa wa magonjwa ya wanawake, mtu wa Pwani aliyehamia Bukoba mwaka ule. Alinieleza kwamba utumbo ulioziba unafunguliwa kwa upasuaji mtoto akishazaliwa, na kwamba wengi wanapona.

"Ila wakati mwingine watoto wenye tatizo hili wanakuwa pia na jambo jingine, la vinasaba. Ningependa tuchukue maji ya uzazi kidogo yakapimwe. Tukijua mapema, tutajiandaa."

"Mnayachukuaje?"

"Kwa sindano, kupitia tumboni. Ni dakika chache tu."

Nikakubali. Mimi ni mwalimu. Sikuona sababu ya kukataa kujua.

Siku yenyewe mume wangu alifunga banda lake la useremala kule Kagondo akanisindikiza. Mlangoni akaambiwa wanaume wabaki nje. Akakaa kwenye benchi na kofia mapajani, nami nikaingia. Nesi mmoja, msichana mwenye haraka, alinipandisha kitandani, akanipaka spiriti ya baridi toka kitovuni kwenda chini. "Utasikia kama umeumwa na mdudu," akasema. Nje watu walikuwa wengi. Daktari akaingia akiwa bado anavaa glavu, akatazama skrini, akasema, "Tulia, mama."

Sindano ilipopita kwenye ngozi niliweza kuvumilia. Kilichonishtua kilikuja baadaye. Ilipofika kwenye mfuko wa uzazi, tumbo lote lilikaza kama ngumi, ghafla, na maumivu yakawa ya ndani kabisa, mahali nisipopajua, mahali ambapo mtoto wangu alikuwa. Nilidhani wamemchoma. Magoti yakapanda yenyewe, mkono wangu ukamshika daktari kifundo cha mkono. Akaichomoa sindano haraka.

"Mama, umesogea! Tungeweza kumchoma mtoto."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameogopa, nilimwona jasho juu ya barakoa. Lakini sentensi ile iliniingia. Yule nesi akaongeza yake, akikusanya pamba: "Sasa siku ya kujifungua utafanyaje?"

Maji hayakupatikana. Walisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, yakawa mazuri, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Nje mume wangu aliinuka. "Vipi?"

"Nimeshindwa," nikamwambia.

Ijumaa ile nikaenda Muleba, kwa mama yangu. Sikwenda kwa lolote, nilitaka tu kukaa mahali ambapo hakuna mtu mwenye glavu.

Kwetu tulilelewa wasichana watano, na mama alitufundisha jambo moja kuhusu kuzaa: mwanamke halii. Unauma khanga, unashika unachokishika, lakini sauti yako isifike barabarani. Alituambia hivyo tangu tukiwa wadogo tunaondoa majani makavu kwenye migomba, na tuliamini kwamba yeye mwenyewe alituzaa sote watano kimya kimya. Dada zangu wanne walizaa hivyo. Mkubwa wetu alimuuma mkunga kidole, lakini hakupiga kelele, na habari hiyo nyumbani ilisimuliwa kama sifa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mama kibanjani, kwenye migomba yake, amekaa kwenye kigogo, anatafuna buni za kahawa. Nikakaa karibu naye. Nikamweleza yote, vile vifuko viwili, sindano, magoti yangu. Nikamwambia nimemwaibisha, na kwamba sirudi tena.

Alitema maganda, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga. Akazungumza Kihaya, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

"Wewe ulikaa vibaya tumboni. Miguu mbele. Siku nzima na zaidi. Nililia, mwanangu. Nililia mpaka watu wakatoka kwenye mashamba yao kuja kuuliza nani amekufa. Shangazi zako walinicheka mwaka mzima. Nikienda kisimani, mmoja ananiigiza sauti."

Nilimtazama kama mtu nisiyemfahamu.

"Hukuwahi kutuambia."

"Ningewaambia nini? Niliwafundisha kunyamaza ili ninyi msichekwe. Basi. Sikuwafundisha kwa sababu kunyamaza kunapunguza maumivu. Hakupunguzi." Akanigonga goti kwa kidole. "Rudi kwa huyo daktari. Ukitaka kulia, lia. Shangazi zako wote wamekufa."

Tulicheka, yeye kwanza. Mchana tukala ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage kwenye jani moja, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kitandani nilisikia njaa ya kweli.

Hata hivyo nilirudi Bukoba nikiwa nimeamua kukataa. Nilikwenda hospitali kuwaambia tu kwamba sitapima, nitasubiri mtoto azaliwe. Kwenye chumba cha wajawazito siku hiyo alikuwepo mkunga mtu mzima, miwani yake imefungwa kamba shingoni, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu. Nikamwambia nilichokuja kusema. Akavuta kiti.

"Kaa, mwalimu. Sijakuuliza kama unakubali au unakataa. Nieleze siku ile, tangu ulipopanda kitandani."

Nikamweleza. Alikuwa na karatasi, akawa anaandika. Nilipofika kwenye lile la tumbo kukaza akaniinulia kiganja nikomee hapo.

"Nani alikuambia kwamba tumbo litakaza?"

"Hakuna."

"Nani alikuambia kwamba ni mfuko wa uzazi unaojibana, wala mtoto hajaguswa, kwa sababu daktari anamwona kwenye skrini muda wote?"

"Hakuna."

"Na nani alikuambia kwamba unaruhusiwa kumwambia daktari asimame?"

Hapo machozi yakanitoka. Hakunibembeleza. Alinipa kitambaa, akatoka, akarudi na daktari. Yule kijana alikaa kwenye ukingo wa kitanda kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Mkunga akamsomea ile karatasi kutoka juu hadi chini, neno kwa neno, kama mwalimu mkuu anavyosoma barua ya mzazi.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia mimi, si mkunga: "Nilifundishwa kwamba sindano ya ganzi nayo inauma, na kwamba kwa sindano nyembamba kama ile, kina mama wengi hawaoni tofauti kubwa. Ndiyo maana sikukuchoma ganzi. Lakini sikukuuliza. Hilo ni kosa langu, mwalimu. Nisamehe."

Sikuwahi kuombwa msamaha na daktari. Nikasema tu, "Haya."

Akanipima tumbo kwa futi ya kitambaa, akatazama tena kwenye skrini. Maji yalikuwa yameongezeka. Sasa, alisema, ingekuwa vizuri kupunguza maji yenyewe, ili nipumue na ili chupa isipasuke kabla ya wakati. Kazi hiyo ingechukua kama nusu saa, na sindano yake ni nene zaidi. Kiasi kidogo cha maji hayo hayo kingekwenda kupimwa.

"Safari hii nashauri ganzi. Itazima maumivu ya ngozi na nyama ya juu. Kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi haitafika sawasawa. Hapo utasikia mkazo kama wa siku ile, kwa muda mfupi, halafu utaachia. Siwezi kukuahidi kwamba hutasikia kitu."

Ni ajabu, lakini maneno hayo ndiyo yaliyonituliza. Nilikuwa nimeshadanganywa na mdudu. Huyu alikuwa ananiambia ukubwa wa kitu chenyewe.

Nikaomba siku mbili. Mume wangu alipokuja kuambiwa, aliuliza swali moja: anaweza kuiona hiyo sindano? Mkunga akaileta, ikiwa bado kwenye karatasi yake. Yeye ni mtu wa misumari na keekee, anajua unene wa vitu kwa macho. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaipima dhidi ya ukucha wake, akasema, "Nilidhani ni kubwa kuliko hii." Akamrudishia kwa mikono miwili. Mkunga akamwambia kwamba safari hii ataingia, asimame upande wa kichwa, na akisikia kizunguzungu aketi sakafuni bila kuomba ruhusa.

Siku moja kabla, mkunga aliniita nije nilale tu kwenye kile kitanda. Hakukuwa na sindano wala spiriti. Aliniwekea mto chini ya ubavu wa kulia ili nisibanwe pumzi, kitu ambacho mara ya kwanza hakuna aliyekifikiria. Akanifundisha kutoa pumzi ndefu kwa mdomo, kama ninayepuliza chai. Tukakubaliana maneno mawili. Nikisema "mpola", daktari apunguze mwendo. Nikisema "basi", asimame kabisa. Daktari hakujua mpola ni nini. Mkunga akamweleza kwamba kwa Kihaya ni "polepole", na yule kijana akalirudia neno hilo mara tatu kwa lafudhi yake ya Pwani, mpaka nesi wa mapokezi akachungulia mlangoni kuangalia tunachocheka.

Asubuhi ya sindano ya pili ilikuwa na mvua. Niliingia, mume wangu nyuma yangu na viatu vyenye tope mkononi. Mto ulikuwa tayari. Daktari aliosha mikono, akaja akasimama mahali ninapomwona uso.

"Naanza na spiriti, ni baridi. Sasa ganzi. Itachoma kama pilipili, hesabu hadi kumi."

Ilichoma. Nilihesabu. Nilipofika saba ilikuwa imeanza kufifia, na kwenye kumi na mbili sikusikia kitu. Daktari akanyoosha mkono kuchukua sindano nyingine, lakini mkunga akamwambia, "Ngoja. Ganzi nayo ina muda wake." Tukangoja. Mvua ilipiga bati. Mume wangu, ambaye si msemaji, akaanza kunieleza habari za kabati analotengeneza, la mama mmoja wa Kashai, kwamba mbao zimepinda na milango haikutani. Sijui kwa nini alichagua kabati. Nilimsikiliza kama redio.

"Naingia," daktari akasema. "Ngozi. Unasikia?"

"Kama kidole kinabonyeza."

"Sawa. Sasa nakaribia ukuta wa mfuko. Hapa ndipo nilipokuambia."

Tumbo likaanza kujikusanya. Nilijua sasa ni nini, lakini kujua hakukuondoa maumivu. "Mpola!" nikasema, na mkono wake ukasimama palepale. Kwa jinsi nilivyozoea mambo ya hospitali, sikuwa nimeamini kwamba utasimama. Mkunga akaniwekea kiganja begani. "Puliza." Nikapuliza. Mkazo ukalegea kidogo. "Endelea, dokta." Akaendelea, na ukuta ulipopitwa nilipiga kelele, "Mae!" kwa nguvu zangu zote, neno tunalomwitia mama kwetu, na naamini lilifika hadi geti la kuingilia. Hakuna aliyenikemea. Mume wangu alinibana vidole mpaka pete ikanikata.

Halafu kelele ikaisha na maumivu yakaisha nayo, yakabaki kama jambo lililotokea chumba cha jirani. Daktari akasema tumeingia. Akageuza skrini nimwone mtoto, amejikunja upande wa pili, mkono usoni, mbali kabisa na sindano. Maji yakaanza kushuka kwenye mpira mwembamba kuingia kwenye chombo cha kioo, ya manjano hafifu. Nilidhani yatakuwa kama damu. Nusu saa nzima yalishuka, nami nikawa nasikia mbavu zangu zikirudi mahali pake moja moja. Mwishoni nilivuta pumzi hadi chini kabisa, na nikagundua kwamba kwa mwezi mzima sikuwa nimefanya hivyo.

Nilibaki pale hadi alasiri, tumbo likinikaza mara mojamoja, nikapewa panadol na kuambiwa mambo ambayo yakitokea nirudi haraka. Hayakutokea. Nyumbani nililala chali.

Majibu yalichukua wiki tatu, kwa sababu maji yalipelekwa mbali. Daktari alituita wote wawili. Mtoto ni wa kike, alisema, na ana kromosomu moja ya ziada. Akatueleza taratibu maana yake: sura yake itakuwa na namna yake, misuli itachelewa kukaza, moyo utahitaji kuangaliwa, na kujifunza atajifunza polepole kuliko wenzake.

Mume wangu aliuliza, "Atatufahamu?"

"Vizuri kabisa."

Sitasema sikulia. Nililia siku kadhaa, nikioga, nikisahihisha madaftari. Lakini nilikuwa nimefundisha darasa la tatu miaka kumi na mitatu, na nilishakaa na watoto wa polepole muhula baada ya muhula mpaka siku wanapoipata hesabu ya kukopa, na uso wa mtoto anapoipata naujua. Na tulikuwa na wiki kadhaa mbele yetu. Tungesikia habari hizi siku ya kujifungua, pamoja na habari za utumbo, sijui kama ningeweza kuzibeba zote kwa mkupuo mmoja.

Kwa sababu ya kujua, tulikwenda kujifungulia Mwanza, kwenye madaktari wa upasuaji wa watoto. Basi liliposimama Muleba mama alikuwa amekaa stendi na begi lake, akapanda bila kuuliza kiti chake ni kipi. Alikuwepo nilipozaa. Nilipiga kelele nilivyotaka, na yeye alinisaidia kupiga. Siku ya pili mtoto akafanyiwa upasuaji. Siku ya tisa alinyonya maziwa yakapita, na nesi wa wodi alituletea nepi yenye choo cha kwanza cha kweli kana kwamba ni zawadi. Mama akaipigia vigelegele.

Sasa mtoto ana miaka mitatu. Alitembea akiwa na miaka miwili na nusu, kutoka mlangoni hadi kwa jirani, bila kuaga. Maneno yake hayajafika ishirini, na moja kati yake ni jina la mbuzi.

Mwaka jana yule mkunga, ambaye sasa amestaafu na analima Nshambya, alinipigia simu. Kuna mama anatoka Muleba, alisema, anatakiwa kupimwa maji ya uzazi, na ameshakimbia mara moja kutoka kwenye foleni. Hospitali wamemwomba yeye aje azungumze naye, na yeye anadhani mimi nitafaa zaidi. Nikaomba ruhusa shuleni.

Nilimkuta kwenye benchi, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, kandambili miguuni, kadi ya kliniki ameikunja hadi imekuwa kama kidole. Nikamsalimia kwa Kihaya, nikakaa.

"Na wewe walikuchoma?" akauliza.

"Walinichoma. Mara mbili."

"Inauma?"

"Inauma. Nitakueleza inaumaje na wapi."

Nikamweleza, na tumbo langu mwenyewe nikalitumia kama ubao, nikimwonyesha kwa kidole. Alisikiliza bila kupepesa. Nikamwambia kuhusu ganzi, kwamba inazima maumivu ya juu na haifiki chini, na kwamba mimi bila hiyo nisingerudi. Nilikuwa na hakika ataitaka.

Tukaingia pamoja. Daktari, yule yule, sasa ana mvi chache, alimsalimia na kusimama mahali pa kuonekana. Yake ilikuwa ile sindano nyembamba, ya kuchukua maji kidogo tu. "Kuna ganzi," akamwambia. "Ni sindano ndogo ya kwanza kabla ya hiyo. Wengine wanaipenda, wengine wanaona ni bora wachomwe mara moja yaishe. Wewe unataka ipi?"

Yule dada alinitazama mimi, akamtazama yeye, akafikiri.

"Mimi naogopa kuchomwa," akasema. "Nichome moja tu. Bila ganzi."

Nilitaka kuingilia. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mkunga, aliyekuwa amekuja na gambuti zake za shambani na kusimama pembeni, akanikanyaga mguu.

Tukamwekea mto. Daktari akamtajia kila hatua. Sindano ilipoingia alifumba macho akaanza kusali Salamu Maria kwa Kihaya, haraka haraka, na alipofika kwenye ukuta wa mfuko sauti yake ikapanda, daktari akasimama, akangoja, sala ikashuka, akaendelea. Ilipofika Amina maji yalikuwa kwenye bomba la sindano.

"Tayari?" akauliza, akifumbua jicho moja.

"Tayari."

Akajishika tumbo, akamtazama daktari kwa mashaka, kama mtu aliyerudishiwa chenji zaidi ya pesa aliyotoa. Kisha akauliza kama hapa hospitali kuna mahali wanauza chai, kwa sababu tangu asubuhi hakuwa ameweka kitu mdomoni. Nikatoka kwenda kumtafutia, na maandazi mawili.